Sekunde tatu za kaunta ya tiketi, na maswali mengine ya skrini

*Kaka, nakatisha tiketi za meli ya Nansio. Programu mpya inapendeza machoni, daraja la abiria sasa tunalichagua kwa mausi, ila foleni imerefuka. Bosi anasema mvivu ni mimi. Nimwonyesheje? (Keshia, Mwanza mjini)*

Mpigie hesabu. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha modeli inayokadiria muda wa kila tendo dogo la mtumiaji mzoefu. Kubonyeza kitufe cha kibodi ni sekunde 0.28, kupeleka mausi mahali 1.1, kubofya 0.2, kuhamisha mkono kati ya kibodi na mausi 0.4, na kujipanga kichwani kabla ya tendo 1.35.

Umeandika kwamba daraja la abiria sasa linachaguliwa kwa mausi. Maana yake unajipanga, unaacha kibodi, unaifuata orodha, unabofya, unashuka hadi "daraja la tatu", unabofya tena, unarudi kwenye kibodi. Jumla sekunde 4.75. Zamani ulijipanga, ukabonyeza Tab, ukabonyeza 3, basi: sekunde 1.91. Tofauti ni 2.84. Kwa abiria 300 inakuwa zaidi ya dakika 14, na hapo bado hajatokea wa kuuliza kama mbuzi naye anakatiwa tiketi. Mpelekee bosi karatasi hiyo na ombi moja tu, programu ipokee 1, 2 na 3 kutoka kwenye kibodi kama zamani.

*Hizo sekunde za karatasini zinaaminika? Mimi najua kujaribu na watu. (Mwanafunzi, Nyegezi)*

Endelea kujaribu na watu. Ila sikiliza kisa cha NYNEX, kampuni ya simu ya Marekani. Ilitaka kuwanunulia wahudumu wake wa simu mashine mpya, zenye skrini bora, zilizotarajiwa kuokoa muda. Wayne Gray, Bonnie John na Michael Atwood wakaichora kazi ya mhudumu hatua kwa hatua, na modeli ikatabiri kwamba mashine mpya zitachelewesha. Zilipojaribiwa kazini, kweli zikachelewesha. Matokeo yalichapishwa 1993. Badala ya kuokoa, kampuni ingepoteza takriban dola milioni 2 kwa mwaka.

Kinachonivutia hapo ni sababu. Vibonyezo vilivyopunguzwa vilikuwa vya wakati mhudumu anamsikiliza mteja, muda ambao ungepita vyovyote vile. Vilivyoongezwa viliangukia pale ambapo mazungumzo yote yanamsubiri yeye. Saa ingekuambia mashine ni nzito, ikaishia hapo. Modeli ilionyesha uzito umekaa wapi.

*Mwanangu, nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Kijana wangu kaniwekea programu ya kuandika magunia kwenye simu, eti kwa hesabu zake ni sekunde sita. Mimi natumia dakika nzima, na bado nakosea. (Mama wa dagaa)*

Shikamoo mama. Hesabu yake huenda ni sahihi, ila hajakuhesabu wewe. Ile modeli ya mwaka 1980 ya kujumlisha sekunde humchukulia mtu aliyekwisha zoea na asiyekosea, na namba zake zilipimwa kwenye kibodi na mausi, si kwenye kioo cha simu na vidole vyenye vumbi la dagaa. Mwambie aanze na kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954: kitu kikiwa kidogo na kiko mbali, mkono huchelewa kukifikia. Vitufe vinenepe, na cha kuhifadhi kikae karibu na kidole gumba. Halafu aje akae pembeni yako asubuhi moja magunia yakishushwa, afunge mdomo, atazame.

*Nasikia kuna programu zinazotengeneza skrini zenyewe kutokana na modeli ya kazi ya mtumiaji. Niache kuchora? (Mbunifu, Ilemela)*

Zipo, wala si jambo la jana. Fabio Paternò wa Pisa, Italia, alibuni ConcurTaskTrees, mti wa kazi wenye lengo juu na hatua chini, pamoja na alama zinazosema ipi itangulie na zipi ziende sambamba. Kutoka kwenye mti unapata skrini dhahania, ambayo husema tu "hapa mtu anachagua kimoja". Baadaye uchaguzi huo unageuka vitufe kwenye kompyuta, au orodha ya namba kwenye simu ya kitochi, na mwisho kabisa msimbo wa programu. Mti mmoja, sura mbili. Hapo ndipo utamu ulipo. Ila skrini zinazozaliwa hivyo, kwa macho yangu, zinafanana kama fomu za ofisini. Mimi huutumia mti kufikiri, nikifika kwenye skrini nachukua penseli.

*Menyu yangu ya simu za kitochi ina mahali wateja wanakwama. Sipaoni. (Musoma)*

Chora kila ukurasa kama duara, na kila namba ya kubonyeza kama mshale. Duara lenye mishale ya kuingia bila wa kutoka, na si mwisho wa huduma, wateja wako wamo humo. Yakizidi hamsini usiyakague kwa macho, andika programu fupi ipite njia zote. Na uchore ule mshale unaosahaulika: mteja kaitwa na mwanae, kageuka, menyu imekatika. Akirudi anaangukia duara lipi?