Komisionere wetu mzee ametuacha, tumkumbuke namna gani?

SWALI

Jambo mama wa majibu. Mimi ni komisionere wa nyumba, yaani dalali, hapa Goma, tuko kikundi tunakaa kwenye kona moja ya Himbi tukingojea wateja. Tumempoteza papa yetu wa kazi, yeye njo alitufundisha wote, alianza mbele ya volkano ya 2002 na kila parseli (kiwanja) alikuwa anaijua. Wanasema lava ilipopoa watu walikuwa wanamfuata atembee nao juu ya mawe aonyeshe hapa kulikuwa fensi ya fulani, hapa mlango wa fulani. Na ukienda naye vizite, mteja hajaona hata salon, yeye ameisha kufungua robine (bomba), kama maji hayatoki anasema palepale, bayere (mwenye nyumba) akasirike asikasirike. Sasa tunafanya kotizasio (mchango), wengine wanataka tisheti zenye foto yake, wengine wanataka misa na chakula, na mimi wamenipa kusema neno siku ya kuondoa matanga, sijui niseme nini maana kila marehemu anaitwa mtu mzuri. Tena kuko jambo linaniuma, aliacha nyumba mbili alizokuwa ameisha kupatanisha, imebaki tu kupokea komisio, na mwenzetu mmoja amezimalizia kimyakimya akala yote. Mama mjane hajui. Nifanye nini?

Komisionere wa Himbi

JIBU

Poleni sana kaka, wewe na wenzako na mama mjane. Umeniuliza juu ya tisheti na neno, lakini shida yenyewe umeiweka chini kabisa ya barua, basi nianzie kule.

Ile komisio ni ya marehemu. Si yote, maana aliyemalizia naye alitembea, alipiga simu kwa kredi yake, lakini aliyemkutanisha bayere na lokatere (mpangaji) ni nani? Nyinyi wenyewe mnajua mnavyogawana mmoja akileta mteja na mwingine akileta nyumba, basi gaweni hivyohivyo kama vile papa angekuwepo, na fungu lake liende kwa mama. Ila msimwite yule ndugu mbele ya watu. Nenda wewe na mwingine mmoja anayemheshimu, mkae naye, mumwambie tumejua na tunataka iishe vizuri. Kazi yenu risiti ni chache, na benki zilipofungwa Januari 2025 feza zilikuwa zinapita mkononi au kwenye simu, kwa hiyo akikataa hakuna karatasi ya kumshika. Lakini kesho atarudi kukaa kwenye ileile kona, na komisionere asiyepasiwa nyumba na wenzake anakula nini?

Kuko na kingine hukukitaja. Mtu aliyefanya hii kazi miaka yote ile hakosi karatasi za watu nyumbani kwake: fotokopi za sertifika za parseli, akti (hati) za kuuza, funguo, pengine hata garanti ya mtu, zile feza lokatere anazoweka mbele ya kuingia. Sheria ya udongo ya 1973 inasema haki juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa, na nyinyi mnajua kuliko mimi parseli moja inavyouzwa mara mbili hapa mjini, hizo fotokopi zikianguka kwa mtu mbaya ni kesi za miaka. Na garanti, sheria ya mwisho wa 2015 imesema isipite miezi 3 kwa nyumba ya kukaa, mabayere wengi wanaomba zaidi, ni zoea la siku nyingi, lakini iwe miezi mingapi, kama ilibaki mkononi mwa marehemu, mwenye feza atakuja kugonga mlango wa mjane. Kaeni na mama, na mtoto wake mkubwa, na shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa), mfungue kaye (daftari) ya marehemu ukurasa kwa ukurasa (komisionere gani wa zamani hana kaye?), kila karatasi irudi kwa mwenyewe na asaini. Kwangu mimi hiyo inamkumbuka papa yenu kupita tisheti kumi.

Sasa neno lako. Simulia ile robine kama ulivyoniandikia, lakini chagua siku moja hasa, nyumba gani, bayere alisema nini, mlicheka wapi mkirudi. Halafu 2002. Vijana wengi watakaokuwa pale wanajua ile ya 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene na watu wakakimbilia Sake, lakini ya 17 Januari 2002 hawakuiona, iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani ikala na kipande cha uwanja wa ndege, na nyumba wanazotafutia wateja leo nyingine zimejengwa juu ya mawe yale. Kama kuko mzee aliyetembea na marehemu siku zile, mpe nafasi aseme mwenyewe. Na kama papa alikuwa mkali ao mwenye kuchelewa sema pia, watu watacheka, na mama atamtambua mume wake.

Misa na chakula muulizeni mama anataka nini, si nyinyi wa kuamua. Tisheti, kama feza zinabaki, chapeni.

Ila hiyo ya komisio na kaye msingoje siku ya kuondoa matanga, fanyeni wiki hii, kwa sababu siku ile mama atakuwa na wageni wa kutoka mbali na hakuna atakayekaa chini kufanya mahesabu.