Kotmiri na mchicha kuoza ndani ya friji

Dada, umesema unaosha kotmiri na mchicha ukitoka sokoni, unafunga kwenye mfuko, na siku ya pili vimeoza. Kinachoviozesha ni yale maji. Majani mabichi yakifungiwa unyevu bila hewa huteleza haraka, hata kwenye baridi. Osha unapokwenda kupika tu.

Ukifika nyumbani fungua fungu, toa majani ya njano na yaliyopondeka, maana hayo ndiyo huanza kuoza na kuharibu mengine. Mchicha uviringishe kwenye kitambaa kikavu cha pamba, uuweke droo ya chini. Kotmiri ikate ncha za mashina, isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, majani uyafunike kwa mfuko uliolegea, kisha friji. Maji yakichafuka badilisha. Ikiwa fungu lilikuwa bichi, wiki nzima utakuwa nayo. Mrihani nao usimamishe vivyo hivyo, ila nje ya friji. Baridi huufanya mweusi.

Na tafadhali, ndizi mbivu, parachichi na nyanya zikae mbali na majani. Hutoa gesi ya ethilini, inayoyageuza njano upesi. Viazi na vitunguu havihitaji friji kabisa.