Maswali ya Ngozi: Huu Ugonjwa Tuuweke Wapi?

*Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Nakuru. Nimepanga noti zangu za magonjwa ya ngozi kwa alfabeti, na sasa hazina kichwa wala miguu. Nizipangeje, Daktari?*

Alfabeti humfaa anayelijua jina tayari. Mgonjwa haji na jina, mwanangu, huja akijikuna. Mwishoni mwa karne ya 18 kule London, daktari Robert Willan alichoshwa na majina yaliyogongana, akaamua kuanza na kile ambacho jicho linaona. Aliyagawa magonjwa ya ngozi mafungu manane: vipele vikavu, magamba, wekundu, malengelenge makubwa, malengelenge madogo, vya usaha, vinundu na madoa. Kitabu chake kilitoka 1808. Mwaka 1829 Jean-Louis Alibert wa Paris naye akachora mti, kila tawi ukoo wake wa magonjwa. Mti unapendeza ukutani, lakini kliniki tunayoikalia hadi leo ni ya Willan.

Chukua daftari mbili. La kwanza liwe la macho na vidole: ni bapa au imeinuka? Ni kavu, ina maji au usaha? Iko sehemu gani ya mwili, na inawasha saa ngapi? La pili liwe la chanzo: kuvu, bakteria, virusi, wadudu, mzio, urithi, saratani. Kila ugonjwa uandike kote kuwili. Utashangaa. Choa na ukurutu wa mviringo vinafanana kama mapacha katika daftari la kwanza, kumbe katika la pili havina hata shangazi mmoja. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi, ambavyo havifanani, vinatokana na kirusi kimoja.

Kisha kuna hilo neno “wekundu”, ambalo limenisumbua tangu nikiwa chuoni. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huja kama zambarau au kahawia iliyokolea, na kwa mtu mweusi sana huenda usiuone kabisa. Weka mgongo wa mkono uhisi joto, bonyeza uhisi uvimbe, linganisha na upande wa pili wa mwili. Halafu andika kando ya neno hilo rangi uliyoiona wewe, kwa mgonjwa wa hapa Nakuru. Andika pia alama inayobaki baada ya kupona, nyeusi au nyeupe, maana wengi hulalamikia hiyo kuliko ugonjwa wenyewe.

*Dada, mwanangu ana mapunye kichwani, na wa wifi yangu ana choa mkononi. Kemisti ametupa tyubu moja tugawane. Si ni ugonjwa mmoja? (Mama wa Kondele, Kisumu)*

Ukoo ni mmoja, dawa si moja. Mkononi kuvu imekaa juu juu, dawa ya kupaka ya kuvu huifikia. Kichwani imeingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo utapaka hadi tyubu iishe. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo cha uzito wake. Mpeleke kliniki.

Sasa igeuze hiyo tyubu usome. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Mwasho utatulia siku chache, mtafurahi, huku kuvu ikienea chini kwa chini na ule mduara ukipoteza ukingo wake. Mtoto akija kwangu hivyo, jicho langu halina tena pa kushika. Mje na kila tyubu mliyopaka, hata ya jirani.

*Ninaweka rekodi katika zahanati karibu na Ahero. Kwenye kitabu cha misimbo, upele na funza hawamo katika sura ya ngozi. Walisahauliwa?*

La. Katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ngozi ni sura ya 12, L00 hadi L99. Ila kiumbe anayeambukiza akijulikana, ugonjwa mara nyingi huhamishiwa kwake: ukoma ni A30, choa na mapunye B35, upele B86, funza B88.1. Saratani ya Kaposi iko kwa saratani, C46. Ualbino uko E70.3, pamoja na hitilafu za kikemikali za mwili. Wala usitafute msimamo hapo: majipu huletwa na bakteria, lakini yameachwa kwenye ngozi, L02.

Kwa hiyo ripoti ya robo mwaka ukijumlisha L peke yake, itaonekana kama hakuna anayejikuna Ahero. Toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, linaruhusu ugonjwa mmoja uorodheshwe chini ya wazazi wawili, yaani mafungu mawili. Afadhali.

*Ukoma ni wa ngozi au wa neva? Jirani yetu ana baka shingoni na watu wanamkwepa. (Mzee, Busia)*

Ni wa vyote viwili, mzee wangu. Bakteria aliyegunduliwa na daktari Hansen kule Bergen, Norwei, mwaka 1873 hupenda neva za ngozi, ndiyo maana baka lake hufa ganzi. Mguse jirani kwa ncha ya pamba akiwa amefumba macho. Akihisi vizuri, huenda ni utangotango au mbalanga, lakini bado aonwe. Asipohisi, aende hima. Hospitali ya Alupe, hapo hapo kwenu, wameujua ugonjwa huu miaka mingi. Mabaka hadi matano, dawa kwa kawaida ni miezi 6. Yakizidi, miezi 12, na hazilipiwi. Akishaanza dawa, haambukizi tena baada ya muda mfupi. Kunyweni naye chai.

*Kila nikinyolewa natoka vipele kisogoni. Ni chunusi? (Wa boda, Kakamega)*

Si chunusi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa karibu mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Mwambie kinyozi abakishe kidogo, asipitishe wembe, na utafute helmeti isiyosugua hapo. Vikianza kuwa vigumu kama mbegu, njoo kabla havijashikana.