Fremu ya DT125 na injini nyingine: anza na cheni, nguvu baadaye

Ndugu yangu wa Arua, umesema una fremu ya Yamaha DT125 ya zamani, injini imekufa, spea zake za kuaminika hazionekani, na unataka kufunga injini ya Bajaj Boxer, ile ya boda, upate pikipiki ya kuchezea kwenye mchanga na vichakani. Wenzangu hapo juu wamekujibu kwa cc tu, 150 au 200. Mimi ninayo DT125 niliyoijenga hapa Bombo kwa injini ya CG200 (ya cc 200, ya muundo wa Honda CG) na naipanda mpaka leo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono. Kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, uliza sproketi yake ya mbele, gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, itakaa wapi.

Sababu ni hii. Kwenye DT gurudumu la nyuma linapanda na kushuka sana, kuliko kwenye pikipiki ya boda. Likipanda, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika, na kadiri sproketi ya mbele inavyokuwa mbali na pini ya swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ndivyo cheni inavyokaza na kulegea zaidi. Cheni iliyokaza kupita kiasi inakula beringi ya shafti ya gia. Iliyolegea sana inaruka kwenye meno, ikajikusanya mbele na kupasua kava la injini. Nimeona kava zilizopasuka hivyo kwa mafundi, na kila mara mwenye pikipiki analaumu ubora wa cheni.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuchomelea chochote. Toa shokapu ya nyuma. Funga gurudumu, weka injini ndani ya fremu juu ya vipande vya mbao, ifunge kwa kamba isitikisike, kisha vika cheni. Mmoja ainue gurudumu polepole kwa mikono, wewe weka kidole chini ya cheni katikati. Utahisi inakaza, inakaza, halafu inaanza kulegea tena. Pale ilipokaza kuliko kote ndipo kitovu cha sproketi ya mbele, pini ya swingamu na ekseli ya nyuma viko kwenye mstari mmoja. Ulegevu wa cheni unaupimia hapo, si wakati pikipiki imesimama kwenye stendi. Ikiwa tofauti kati ya kukaza na kulegea ni kubwa mno, sogeza injini nyuma. Yangu niliirudisha mpaka kati ya kava la sproketi na swingamu ikabaki nafasi ya kupitisha kidole.

Halafu chukua rula ndefu ya chuma, ilaze kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uone kama inafika sawasawa kwenye uso wa ile ya mbele. Ikikosa hata milimita chache, usijidanganye kwamba cheni itazoea. Ama sogeza injini upande, ama peleka sproketi kwa fundi wa kukereza akutengenezee kipande cha kuisogeza. Katwe pale Kampala kuna mafundi wa kazi hii ambao ukiwapa kipimo sahihi wanakupa kitu sahihi.

Sasa injini yenyewe. Boxer si chaguo baya, na kwa mtu wa Arua kupata spea hadi duka la kijijini ni jambo kubwa. Mimi nilichagua CG kwa sababu ya urefu. Honda walibuni injini ya CG miaka ya 1970 kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo na hazipati matunzo ya mara kwa mara. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, waliiweka chini, ndani ya mwili wa injini, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Matokeo yake silinda hedi ni fupi. DT ilizaliwa na injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli, ambayo juu haina valvu kabisa. Kwa hiyo nafasi chini ya tanki si kubwa, na injini yenye kamshafti juu, kama Boxer, inaweza kugusa tanki au ikakulazimisha kukata fremu. Fremu sikushauri kuikata. Pima kimo cha Boxer kwanza, kutoka shimo la bolti ya chini mpaka juu ya kava la valvu, ulinganishe na nafasi uliyonayo.

Ukiamua CG200, kumbuka nyingi zinatoka kwenye pikipiki za magurudumu matatu za mizigo, na baadhi zinapozwa kwa maji. Tafuta ya kupozwa kwa hewa. Pia uliza kama ina shafti ya kusawazisha mtetemo. Isiyokuwa nayo itakutikisa mikono na kulegeza nati kila ukipanda.

Vishikizo vya injini nilikata kwa bamba la milimita 6, nikianza na vielelezo vya katoni ngumu mpaka matundu yote yakakubaliana. Chomelea nukta tu injini ikiwa ndani na bolti zake zimekazwa. Halafu itoe kabisa ndipo umalizie, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye beringi unaziharibu, na CDI, kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi, inaweza kuungua. Kagua pia shingo ya fremu na pale pini ya swingamu inapopita. Fremu za umri huu huwa na nyufa zilizofichwa na rangi, na injini nzito zaidi itazifungua.

Waya za DT usihangaike nazo. Chukua sumaku (inayozalisha umeme), CDI, koili na rektifaya vyote kutoka injini moja. CDI zipo za namna mbili: inayokula umeme wa sumaku moja kwa moja, na inayohitaji betri. Kwa porini mimi nataka ya kwanza, maana betri ikifa bado unapiga kiki na kurudi nyumbani. Ekzosti ya DT haina kazi kwenye injini hii, tengeneza bomba jipya na ulipitishe juu, mbali na mawe.

Uwiano wa sproketi mbili ndio utakaobadilisha tabia ya pikipiki kuliko kitu kingine. Meno 15 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 2.8, mzuri kwa lami. Meno 13 na 48 ni karibu 3.7, na kwenye mchanga wenu huko utaona tofauti mara moja: injini haizimiki ukipunguza mwendo, na klachi haiungui. Hakikisha sproketi zote mbili ni za saizi moja na cheni, 428 kwa 428.

Kabureta utairekebisha kwa kusoma plagi. Rangi ya kahawia ni sawa, masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Ukipanda Kapchorwa au Kabale ambako hewa ni nyepesi kuliko Kampala, ile ile iliyokuwa sawa itaanza kutoa masizi na kukosa pumzi. Beba jeti kuu ndogo zaidi, yaani kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta.

Uma za mbele ziwekee oili nzito kidogo. Breki za ngoma zisafishe vizuri, lakini ujue zilipangiwa pikipiki nyepesi. Na usije ukaipeleka kwenye viwanja vya mbio vya Busiika au Garuga ukitegemea kushindana na pikipiki za motokrosi zilizotoka kiwandani kwa kazi hiyo. Hii ni ya njia za ng'ombe, mito mikavu na barabara za vijijini, na huko inanipa furaha kubwa.

La kadi ya usajili usilipuuze. Namba ya injini imeandikwa humo pamoja na ya fremu, na zisipolingana polisi wanaweza kukushikilia. Nunua injini kwa mtu anayekupa risiti na nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka, kisha ukaripoti mabadiliko kwenye usajili kabla hujatoka barabarani.

Kwa sasa usinunue kitu. Nipimie upana kati ya masikio ya fremu (pale injini inapofungwa kwa bolti) mbele na nyuma, na kimo cha nafasi chini ya tanki, uandike hapa. Nitalinganisha na yangu nikwambie kama Boxer itaingia bila kukata.