Bampa la pikipiki la kujitengenezea: lifunge kwa bolti, usilichomelee kwenye fremu

Ndizi nyingi zinazouzwa Morogoro mjini zinateremka kutoka Kinole na vijiji vingine vya milima ya Uluguru, na sehemu kubwa ya njia hiyo zinabebwa na pikipiki. Masika yakishakolea, pikipiki za huko zinaanguka, ila si kwa mwendo kasi. Tairi linateleza kwenye utelezi, chombo kinalala ubavu na mikungu juu yake, na hapo jiwe moja tu linatosha kupasua kava la injini. Oili ikimwagika safari imeishia hapo, maana ukilazimisha kuwasha, injini itanoki. Ukiponea kava, basi pedali ya gia imejikunja kwa ndani au kiashiria kimevunjika.

Bampa, yaani bomba lililokunjwa linalofungwa mbele ya injini na kutokeza pande zote mbili, linazuia hasara hizo. Mengi ya bei rahisi niliyoyaona madukani ni ya chuma chembamba na yanashikwa sehemu moja tu, kwa hiyo likigonga chini mara moja linazunguka na kuja kukandamiza kava lile lile lililowekewa ulinzi. La kujitengenezea, ukiwa na fundi mzuri wa kuchomelea, linatoka kwa gharama ndogo na linadumu. Bomba jeusi la duara linauzwa kwa urefu wa mita 6, na bampa moja la Boxer au TVS linakula kama mita 2 na nusu, kwa hiyo tafuta mwenzako kijiweni mchange bomba moja. Chukua la kipenyo cha milimita 25, unene usiopungua milimita 2. Bomba kuukuu la maji linatamanisha kwa sababu hupatikana bure, lakini lina mipako ya zinki, na moshi wa zinki inapochomelewa unaleta homa na kifua kubana. Kama huna budi kulitumia, saga mipako yote kwa grenda sehemu zitakazopata moto, na kazi ifanyike nje penye upepo.

Kukunja ndiko kunakowashinda wengi, kwani bomba tupu likikunjwa linabonyea na kupoteza nguvu pale pale penye kona. Dawa yake ni mchanga. Chekecha mchanga mlaini, ukaange kwenye karai kuukuu mpaka usitoe mvuke hata kidogo, umimine ndani ya bomba huku ukiligongagonga ili ushindiliwe, kisha ziba pande zote mbili kwa vigingi vya mti. Pasha moto sehemu ya kona mpaka iwe nyekundu, ndipo ukunje taratibu. Suala la kukausha usilifanyie haraka. Mchanga wenye unyevu ukipata moto ndani ya bomba lililozibwa unageuka mvuke, na kigingi kinafyatuka kama risasi. Asisimame mtu yeyote kwenye mwelekeo wa midomo ya bomba.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana hapa ndipo bampa linapookoa pikipiki au kuiua. Mafundi wengi watakwambia walichomelee moja kwa moja kwenye fremu ili liwe imara. Kataa. Fremu ya pikipiki ni bomba jembamba, na pale palipochomelewa chuma hubadilika tabia, hivyo ufa huanzia pembeni ya mshono. Isitoshe, bampa lililochomelewa likipata pigo linalihamishia lote kwenye fremu, na fremu iliyopinda haina bei nafuu. Kinachotakiwa ni bampa lipinde kabla ya fremu kuguswa. Tumia vipande vya chuma bapa cha milimita 5 kama masikio: juu lishikwe na yubolti (bolti zenye umbo la U) mbili kwenye bomba la mbele la fremu, ukiweka katikati kipande cha mpira wa tairi, na chini lishikwe na bolti ya mbele inayobeba injini. Weka gogo chini ya injini kabla hujaichomoa bolti hiyo. Bolti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa unene wa masikio mawili, na iwe na namba 8.8 kichwani, ambayo ni alama ya nguvu ya bolti.

Uchomeleaji wowote ufanyike bampa likiwa chini, mbali na pikipiki. Lipime mahali pake, weka alama kwa chaki, litoe, lichomelewe, lirudishe. Cheche karibu na tenki la petroli hazina mjadala, na umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoongoza cheche za plagi.

Kupima upana, chukua ubao ulionyooka, uegemeze kwenye ubavu wa tairi la nyuma na kwenye sehemu ya bampa iliyotokeza zaidi. Kitu chochote kinachogusa ubao huo, kava au pedali, ndicho kitakachogusa ardhi ukianguka. Tanua bampa mpaka kiingie ndani, ila lisiupite upana wa usukani, utakwama kwenye foleni. Halafu kalieni pikipiki watu wawili mdidimize shokapu za mbele, mzungushe usukani kulia na kushoto: tairi na madigadi yasikaribie bomba. Usizibe mapezi ya injini, vile vibapa vya chuma vilivyoizunguka, kwa bati au boksi la vitu, kwa sababu injini hizi zinapozwa na upepo.

Kuhusu miguu lazima niseme wazi, kwa sababu madereva wengi wanaamini bampa litawaokoa. Marekani, mwaka 1981, ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles. Kwenye mabampa walikuta kwamba majeraha ya kifundo na unyayo yalipungua, lakini ya goti, paja na muundi yakaongezeka, faida ikaliwa na hasara. Kwa hiyo lihesabu kuwa ulinzi wa chombo. Pesa uliyookoa kwa kutonunua la dukani iongezee kwenye helmeti nzuri na viatu vinavyofunika kifundo.

Likikamilika, toboa tundu la milimita 4 pale bomba linapoinama zaidi, maji yapate pa kutokea, la sivyo litaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikipendeza. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi yenyewe. Baada ya wiki moja ya barabara mbovu shika spana ukaze bolti zote upya, maana mpira wa tairi hujishindilia na kuacha nafasi. Na kila ukianguka, angalia masikio kwanza: sikio lililopinda usilinyooshe kwa nyundo, kata jipya.