Muulize Babu wa Kete: "Wananiambia bao si la wanawake"

SWALI: Shikamoo babu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mchana biashara ikipoa husogea kwenye kijiwe cha bao kilicho nyuma ya meza zetu. Nikiomba kucheza naambiwa bao si la wanawake. Juzi walinikubalia, nikakosea kwenye nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, kijiwe kizima kikanizomea na hakuna aliyenieleza kosa langu. Niachane nao? – Muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba binti yangu. Usiachane nao.

Hilo la wanawake lisikunyime usingizi. Usukumani humu isolo, ndugu yake bao, wanawake wanaicheza tangu enzi za bibi zetu, tena kwa namna yao wenyewe. Hao wanaokufukuza wamelelewa na bibi hao hao.

Kelele nazo sizihesabu. Kijiweni hata fundi akifungwa huzomewa mpaka achukue kofia yake. Kinachonikera ni kumzomea mtu kwa sheria ambayo hajaambiwa. Huo ni uchoyo.

Nahisi kosa lako ni hili. Kila mchezaji ana kete 32: 6 ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Wakati wa namua, yaani awamu ya kwanza ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja, ukila kete za mwenzio na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako ambayo bado nzima, hujaichota, una hiari: ulale hapo, yaani zamu yako iishe, au uisafirishe nyumba, uzichote kete zake uendelee kusambaza. Lakini ukiwa unatakata tu, yaani unasambaza kete bila kula kitu, hiari hiyo huna. Kete ya mwisho ikifika nyumbani, umelala. Wanaoanza wengi huichota nyumba hapo hapo kwa furaha, basi kijiwe kinalipuka.

Sasa nenda asubuhi kabla hawajajaa. Kila kijiwe kina mzee mmoja asiyepiga kelele. Huyo ndiye wako. Mwombe mcheze polepole, umuulize kila mkono. Ukimfungia dagaa kidogo si rushwa, ni adabu.

Na ukijaliwa, nunua bao lako uliweke kando ya meza, uwafundishe akina mama wenzako. Wanaume wale hawawezi kulipita bao lililo wazi, watakuja tu. Wakaribishe. Ila wa kwanza kukaa awe yule aliyekuzomea zaidi, na mkifika kwenye mtaji, awamu ya pili kete za mkononi zikiisha, usimhurumie.