Chumvi Ndiyo Inayoingia: Kwa Anayeanza Kuloweka Kuku kwa Limau na Majani

Muulize mpishi yeyote kwa nini anampaka kuku limau na viungo mapema, atakujibu, "Ili viingie." Nami niliamini hivyo kwa miaka. Nilidhani kadiri kuku anavyokaa kwenye limau ndivyo ladha inavyozama, na kwamba kumlaza usiku kucha ni bora kuliko saa mbili. Imani hiyo ndiyo iliyoniharibia kuku wa kwanza niliyepewa kumwandaa nikiwa mgeni kazini.

Ilikuwa minofu ya kidari, kilo tatu hivi. Nilikamua ndimu bila kuhesabu, nikamimina, nikafunika, nikasukuma bakuli ndani ya friji jioni. Asubuhi nyama ilikuwa nyeupe kwa nje mithili ya yai lililochemshwa, na ukiibonyeza inameguka kama chaki iliyolowa. Nikaibanika hivyohivyo, nikijipa moyo kwamba moto utarekebisha. Haukurekebisha. Nje ilikuwa na ulaini wa ajabu, ndani kavu, na lililoniuma zaidi ni kwamba katikati hapakuwa na ladha ya ndimu hata chembe. Mkubwa wangu jikoni alionja kipande kimoja, akaweka uma chini, akaniuliza, "Huyu ulimloweka au ulimpika jana?"

Nilidhani ni kejeli. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananipa somo zima kwa swali moja.

Juisi ya limau na ya ndimu ni kali sana, pH yake (kipimo cha ukali, ambapo namba ndogo ni kali zaidi) hucheza kati ya 2 na 3. Protini za nyama zikikutana na ukali huo hujikunjua kisha hushikana upya, na hilo ndilo moto unalofanya pia. Ndiyo maana nyama inageuka nyeupe. Zikishikana sana hubana na kutoa maji, na tabaka la juu kabisa, linalopata ukali mwingi kuliko yote, huanza kuvunjikavunjika. Lakini usidanganyike na rangi: hiyo si nyama iliyoiva. Limau halitegemewi kuua bakteria kama Salmonella, wanaowaletea watu ugonjwa wa tumbo; kazi hiyo ni ya moto.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaambiwi. Ukali huo hauendi mbali. Ndani ya saa kadhaa unafika milimita chache tu, na harufu za majani na vitunguu saumu hazifiki hata hapo. Kwa hiyo ukiongeza muda, huongezi kina cha ladha. Unaendelea kulitafuna tabaka lilelile la juu. Yule kuku wangu wa kidari alikuwa ameumizwa nje na hajaguswa ndani.

Kitu kinachosafiri kweli ni chumvi. Chembe zake ni ndogo mno. Mwanzo huvuta maji kutoka kwenye nyama, utayaona yamejikusanya juu kama jasho, na mwanafunzi mwenye haraka huyafuta akidhani ni uchafu. Yaache. Chumvi inayeyuka humo, kisha inarudi ndani polepole, na huko inalegeza baadhi ya protini ili zishike maji vizuri wakati wa kupika. Kwa saa chache hadi usiku mmoja, kutegemea unene wa kipande, chumvi inaweza kufika mahali ambapo limau halitafika kamwe. Unaposikia mtu anasifu kuku kwamba "viungo vimeingia", mara nyingi anachokisifu ni chumvi iliyowekwa mapema, basi, na limau linapewa sifa isiyo yake.

Kama huniamini, nakusihi usiniamini. Chukua vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kipake limau, majani, saumu na mafuta bila chumvi. Kingine kipake chumvi peke yake. Vilaze saa nne, vipike pamoja, kisha vikate katikati na uonje nyama ya ndani tu, ile isiyogusa ukingo. Jaribio hili lilinifunza kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa, na nililifanya nikiwa nimechelewa sana kulifanya.

Tangu hapo nimegawa kazi mbili zilizokuwa moja. Chumvi na vitu visivyo vikali vinatangulia. Juisi inakuja mwishoni. Kwa kilo moja ya vipande vyenye mifupa naweka chumvi laini gramu 12, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai vya kusawazisha. Ukiwa na mizani, pima; chumvi ya mawe haijai kijiko sawasawa na chumvi laini, na hapo ndipo wengi wanapolia kwamba mapishi yamewadanganya. Minofu mitupu ikae kwenye gramu 10. Hiyo chumvi naichanganya na ganda la malimau mawili lililokwaruzwa, punje tano za saumu zilizopondwa, majani, pilipili manga na vijiko vinne vya chakula vya mafuta. Kuku analala na hivyo. Saa moja kabla ya kupika ndipo namimina juisi ya limau moja, vijiko vitatu hivi vya chakula, pengine na ya nusu chungwa.

Kidari kisicho na ngozi nakipa juisi nusu saa, nikichelewa sana saa moja. Mapaja yana mafuta na nyuzi ngumu, yanastahimili hata saa tatu. Kamba na samaki ni habari nyingine kabisa, usiwaletee vipimo hivi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye ganda, maana hapo ndipo harufu ilipo. Anayeanza hukamua juisi kisha hutupa ganda, yaani anabaki na ukali na kutupa harufu. Ule uso wenye rangi, wa njano, wa kijani au wa chungwa, umejaa vifuko vidogo vya mafuta yenye limonini, kemikali yenye harufu ya limau na chungwa, na hayo ndiyo yanayomfanya mtu aingie jikoni na kusema, "Aisee, limau!" Juisi yenyewe inanukia kidogo tu, kazi yake ni uchachu ulimini. Kwaruza ganda kwa matundu madogo ya kikwaruzio, ukipita mara moja kila mahali na kugeuza tunda. Ukishaona weupe, ondoka hapo. Ule weupe ni mchungu, na uchungu wake hautoki kwa kupika.

Osha tunda kwanza kwa maji ya vuguvugu na brashi, kwa sababu matunda mengi hupakwa nta ili yang'ae. Halafu kwaruza kabla ya kukamua. Naandika jambo lililo wazi hivi kwa kuwa nimewatazama watu wazima wakipigana na nusu limau lililonyong'onyea, wakiacha ngozi ya vidole kwenye kikwaruzio. Ukishapata ganda lako, lisugue na chumvi kwa viganja mpaka chumvi ilowe na kubadilika rangi. Chembe za chumvi zinapasua vile vifuko na kushika mafuta yake. Nusa mikono yako. Ukiweza kufanya jambo moja tu katika yote niliyoandika hapa, fanya hili.

Kuhusu majani sina mengi. Yapo magumu, kama rozimeri, thaimu na oregano, na yapo laini, kama giligilani, nanaa na rehani. Magumu yanavumilia kulala na kupikwa. Yaponde kidogo au yapitishie kisu ili yatoe mafuta yake. Laini yakilala kwenye ukali hugeuka meusi na ladha yake inafifia, kwa hiyo yakatekate na uyaweke kuku akishaiva. Rozimeri itumie kwa woga. Vijiti viwili vinatosha kilo moja. Vinne na utakula sabuni.

Mafuta nayo hayaingii kwenye nyama, ingawa hayakosi kazi. Harufu nyingi za majani na ganda huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, hivyo mafuta huzibeba na kuzitandaza juu ya nyama yote badala ya kuziacha zimerundikana mahali pamoja. Pia husaidia uso kupata rangi. Mafuta ya zeituni yakiganda ndani ya friji usishtuke, yatayeyuka. Ila kama unabanika juu ya makaa, punguza, au kila tone litakuwa mwali na utapata masizi ukidhani ni moshi mtamu.

Anayetaka ladha ya limau ifike ndani kweli asitafute muda, atafute kisu. Chanja paja mara mbili au tatu mpaka karibu na mfupa, na ingiza mchanganyiko kwa kidole kwenye michanjo hiyo. Umeongeza eneo la juu, na limau ni kitu cha juu. Kwa kuku mzima, pitisha vidole kati ya ngozi na kidari, uitenganishe taratibu bila kuichana, kisha paka humo ndani ganda na majani. Ngozi yenyewe ipake chumvi pekee na umwache bila kufunikwa kwenye friji. Ngozi iliyolowa juisi haitakuwa kavu na ya kukatika mdomoni hata uombe.

Chombo kiwe cha kioo, cha chuma cha pua, au mfuko wa plastiki wa chakula. Alumini tupu hujibizana na ukali, na kuku anapata ladha ya chuma. Mfuko nauchagua mimi mara nyingi: ukitoa hewa, mchanganyiko kidogo unagusa nyama yote, na hakuna haja ya kuongeza juisi ili kumfunika kuku bakulini. Nashuku nusu ya ndimu zangu za siku ile zilikuwa ni kwa ajili ya kujaza bakuli tu. Mfuko uweke ndani ya sahani, rafu ya chini, friji ikiwa nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Kulowekea mezani hapana, hata kama ni nusu saa na hata kama limau ni kali. Na usimwoshe kuku kwenye sinki. Maji yanarusha bakteria kwenye kaunta na vyombo, wakati moto utawamaliza wote baadaye bila msaada wako.

Ukitaka mchuzi wa kumwagia kuku aliyeiva, tenga sehemu ya mchanganyiko pembeni kabla haujagusa nyama mbichi. Uliogusa nyama mbichi ama umwage, ama uuchemshe utokote kweli kwa dakika kadhaa. Nami huwa naumwaga, kwa sababu baada ya kuchemka unakuwa na mapovu ya kijivu na sura isiyotamanisha. Na ule mchanganyiko wa saumu mbichi na mafuta usiutengeneze wa kukaa wiki nzima kwenye chupa nje ya friji. Saumu ndani ya mafuta, pasipo hewa, ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu ya hatari, hustawi.

Muda wa kupika ukifika, fanya kitu kinachoonekana kama kufuta kazi yako yote: pangusa. Ondoa saumu na majani yaliyogandamana juu, kausha kila kipande kwa karatasi ya jikoni. Saumu huungua na kuwa chungu kabla nyama haijapata rangi, na sukari ya chungwa vivyo hivyo. Isitoshe, uso wenye maji hauwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji yaishe, ilhali ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuchomwa inahitaji nyuzi 140 na kwenda juu. Kuku asiyekaushwa anachemka kwanza. Mwanzoni nilikuwa naona huruma kupangusa majani niliyoyakata kwa bidii. Siku hizi napangusa bila kutazama nyuma.

Oveni iwe nyuzi 210 hivi, na mapaja yenye mifupa yatachukua dakika 35 hadi 45. Kipimajoto kitakuambia ukweli kuliko saa: nyuzi 74 katikati ya kipande, mbali na mfupa, ndiyo salama. Kidari kitoe hapo hapo. Mapaja yaache yafike 80 au 85, maana nyuzinyuzi zake ngumu zinahitaji joto hilo ili zilainike, na hayakauki upesi. Usihukumu kwa rangi pekee. Paja karibu na mfupa linaweza kubaki na wekundu likiwa limeiva, na nyama iliyolowekwa kwenye limau inaweza kuwa nyeupe ikiwa mbichi, kama nilivyokwisha kukueleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwache apumzike dakika tano hadi kumi. Sasa ndipo limau lifanye kazi uliyokuwa ukiitaka tangu mwanzo: kamua nusu moja mbichi juu ya nyama ya moto, ongeza ganda kidogo lililokwaruzwa papo hapo, tawanya giligilani au nanaa. Juisi ikipikwa harufu yake inapungua. Hii haijapikwa, na ukali wake unakutana na mafuta na chumvi mdomoni, si kwenye friji. Kama umebakiwa na vipande vibichi vya kugandisha kwa siku nyingine, vigandishe vikiwa na chumvi, ganda, majani magumu na mafuta tu. Juisi utaiweka vikishayeyuka, vinginevyo inaendelea kula nyama muda wote wa kuyeyuka, na utarudi kwenye chaki yangu.